Mbegu Ndani ya Kinu

Watu wote walikuwa wakikimbilia moto. Mimi peke yangu nilikuwa nimeupa kisogo. Nilipanda kilima nimeikunja khanga hadi magotini, kilemba kimeanguka sijui wapi, na nyuma yangu nilimsikia mume wangu Filemoni akiniita kwa sauti ambayo sijapata kuisikia tena kutoka kwake. "Dorika, mtoto yuko huku." Wengine walisema nimerukwa na akili, na baadaye waliniomba radhi huku wakicheka. Sikugeuka.

Lakini siwezi kueleza mbio zile bila kumweleza kwanza Ema.

Ema ni mtoto wetu wa pekee. Alipofika umri ambao wenzake walianza kutumwa maji, alikuwa hajasema neno hata moja. Ukimwita hageuki. Ukimshika mkono, anauondoa wako polepole, kama mtu anayejitoa jani lililomwangukia. Aliweza kukaa asubuhi nzima akitazama mchwa wakipita chini ya mlango, na ukimwondoa hapo alipiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Hakula chakula kilichogusana na kingine. Na mara kwa mara aliinuka tu akaenda zake, bila kuangalia nyuma, nasi tukamtafuta vichakani mpaka miguu ikatuuma. Watu wa usharika walisema ni kiziwi. Wengine walisema mambo ambayo sitayarudia hapa.

Mimi nina tabia moja tangu utotoni, ya kutaka kujua. Mama yangu alikuwa akinifukuza jikoni kwa sababu ya maswali. Kwa hiyo, wakati wengine wakimwombea Ema, mimi nilimwombea na kumjaribu pia. Nilikuwa na kikombe cha bati chenye picha ya Malkia, kimojawapo cha vile walivyogawiwa watoto wa shule alipotawazwa. Nikakiangusha juu ya jiwe nyuma ya mgongo wake. Kuku walitawanyika, mbwa wa jirani akabweka, Ema akaendelea na mchwa wake. Nikapiga makofi, nikaimba, nikamwita kwa sauti ya chini na ya juu. Hakuna.

Lakini nikianza kutwanga mahindi, alikuja. Awe nyuma ya zizi au kule mtoni, alikuja, akatandaza viganja vyote viwili ardhini karibu na kinu, akalaza shavu chini, akafumba macho. Nikiacha kutwanga anayafumbua. Nikianza tena anayafumba. Alisikia kwa masikio, au kwa ardhi? Na kama ni masikio, mbona kikombe cha Malkia hakuwa na habari nacho? Siku moja nilimwomba mama mkwe atwange, nami nikalala chini, nikaweka shavu pale pale Ema alipokuwa akiliweka. Mama mkwe akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia nataka kujua.

"Utakachojua ni mafua," alisema, lakini aliendelea kutwanga.

Mama mkwe wangu aliitwa Getruda. Alikuwa mjane, mfupi, mwenye magoti mabovu na sauti nzuri; kanisani aliimba sauti ya pili na ukimkosa Jumapili moja wimbo ulipwaya. Kinu kile kilikuwa chake, kizito, kimezama kidogo ardhini kwa sababu ya miaka, na kilikuwa na sharti moja: hakitwangwi kitupu. Mchi ukigonga mti mtupu, alisema, nyumba hiyo inaita msiba. Alikuwa amebatizwa tangu msichana na sharti hilo hakuliacha. Mchungaji alilijua akalinyamazia.

Yeye ndiye aliyekuwa akimfunga Ema. Alichana khanga yake ya zamani, akatengeneza ukanda laini, akawa anamfunga kifundo cha mguu kwenye nguzo ya nyumba kila tulipokwenda shamba. Alimfunga kwa upendo, na hilo ndilo lililonitesa, maana mtu anayemfunga mwanao kwa chuki unajua la kumwambia.

Mwaka ule Filemoni alikuwa Makambako, katika kambi ya wajenzi wa barabara. Waingereza walikuwa wakipanua barabara, na malori yalipita pale njia panda mchana kutwa yakielekea Mbeya, Iringa, na huku kwetu Njombe. Bwana wa kambi alimpa chumba cha mabati na ruhusa ya kuleta familia. Nilifurahi kama bibi arusi. Kisha Filemoni akaniambia kwamba mama yake haafiki. Mtoto asiyesikia lori, alisema bibi, hawezi kukaa kando ya barabara. Mwache kwangu, nguzo yangu ipo. Filemoni naye aliona hivyo, ingawa aliona aibu kuliona. Tulikubaliana kwamba atakuja siku ya mgowe wetu, na jioni yake, watu wakishaondoka, lisemwe limalizike. Ama niende Makambako na mwanangu, ama niende bila yeye. La kubaki na Ema halikuwapo, kwa sababu Filemoni alikuwa ameanza kukohoa damu kidogo na hakuwa na mtu wa kumtunza.

Mgowe ni kazi ya pamoja: unawaita majirani wakulimie, nawe unawalisha na kuwanywesha. Ilikuwa mwishoni mwa kiangazi, jua limekausha kila kitu, na kazi ilikuwa kutayarisha kinyungu chetu, yaani bustani ya bondeni inayolimwa wakati wa ukame kwa unyevu wa chini. Nyumbani kwetu, Walutheri wa siku nyingi, mgowe ulikuwa wa togwa. Waliotaka kitu kikali zaidi walipitia kwa jirani yetu Oktavia, Mkatoliki, na walimpitia wengi.

Siku ile nilianza kazi kabla ya jogoo. Nilichuja togwa, nikasonga ugali, nikachambua mboga, nikamkimbiza Ema kutoka jikoni, nikamwosha, nikamkimbiza tena. Nilipogeuka kuchukua kata, alikuwa ametia mguu ndani ya mtungi wa togwa, taratibu, akipima ubaridi wake, na usoni ameridhika kabisa. Mtungi ule tuliunywa wenyewe. Nilicheka peke yangu mpaka nikakaa chini. Ndipo nilipokiona kifundo chake cha mguu. Ukanda ulikuwa laini, lakini ngozi ilikuwa imechubuka na kutoa maji, na nzi walikuwa wamekijua.

"Leo hafungwi, mama," nilimwambia mama mkwe.

Alikuwa amekaa uani na ungo mapajani, akichagua mbegu za maharage za kinyungu, nzima huku, zilizotobolewa kule. Hakuinua macho. "Akitoka?"

"Mtazame tu. Mimi napeleka togwa narudi."

"Magoti yangu hayamtazami mtu, mwanangu," alisema. Lakini hakuuchukua ukanda.

Kwetu kulikuwa na desturi: togwa ikifika bondeni, moto unawashwa. Wanaume wanakuwa wameshafyeka pembezoni, na mteremko wa ng'ambo wenye nyasi ndefu unachomwa, ili mvua ya kwanza iteremshe majivu yake kinyunguni. Basi tuliposhuka na mitungi kichwani, mimi na wanawake wenzangu, watu walitusalimu kwa vifijo, "Kamwene, kamwene", na shemeji yangu Enoki akachukua kijinga cha moto akaenda kuwasha. Nilikuwa bado namimina kata za kwanza. Filemoni alikuwa amefika muda ule ule kutoka barabarani, vumbi jekundu hadi kwenye kope, na tulikuwa tumesalimiana kwa macho tu, kama ilivyopasa mbele za watu.

Ndipo akaja Paskalina, binti wa Oktavia, anahema. Bibi aliingia ndani kuchukua kibuyu, akatoka, Ema hayupo. Yeye Paskalina alimwona kwa mbali, gauni jekundu, akivuka kijito na kuingia kwenye zile nyasi.

Zile zilizokuwa zikiwaka.

Sijui kama kuna namna ya kulieleza hilo. Wanaume walikwishavunja matawi wakaanza kuupiga moto, wanawake wakaenea kando ya mteremko wakiita, Ema, Ema, Ema, bonde zima likawa linaita jina hilo. Filemoni alivua koti akalitumbukiza kijitoni na kuingia kwenye moshi. Na mimi, katikati ya makelele yale, nilifanya jambo lililo tabia yangu: nilijiuliza. Nilijiuliza, Ema amewahi kuja kwa sauti gani? Si hii. Wangeita hadi jioni, na hata kama yupo hatua chache kutoka kwao, angeendelea kutazama chochote alichokuwa akikitazama.

Ndiyo maana nilikimbia kinyume.

Nilipofika uani nilishika mchi nikapiga. Sikuangalia ndani ya kinu. Mahindi yote yaliyokuwa chini yalikuwa yameshakuwa togwa na ugali, na mengine yalikuwa juu kihengeni, yanataka ngazi, na muda wa ngazi sikuwa nao. Mchi ulipiga mti mtupu. Mlio wake ulikuwa mkavu, mbaya, nami mwenyewe niliogopa.

Mama mkwe aliinuka akashika ukuta. "Unaita nini hapa nyumbani, wewe mwanamke?"

"Namwita Ema."

Nikapiga tena. Alinitazama, kisha akatazama ng'ambo, ambako moshi ulikuwa umefunika nusu ya mteremko. Nilidhani atanishika mkono, na nilikuwa tayari kumsukuma. Namshukuru Mungu kwamba hakunifikisha huko. Aliinama, akauinua ungo wake, wenye mbegu zote nzima alizozichagua tangu asubuhi, na akaumimina wote ndani ya kinu. Zilianguka kwa mlio kama wa mvua ya mawe.

"Haya sasa," alisema. "Twanga."

Kisha akachukua mchi wa pili. Kwa magoti yale. Tukapiga kwa zamu, wake ukishuka wangu ukipanda, jinsi tulivyokuwa tukitwanga mahindi ya Krismasi. Mbegu zilipasuka, zikarukaruka, zikatupiga usoni, na ardhi chini ya nyayo zangu ikaanza kutikisika ule mtikisiko niliowahi kuulalia. Uani petu palikuwa juu, ng'ambo yote ilikuwa mbele ya macho yetu, na sisi hatukuthubutu kupunguza. Nilihisi jasho la mama mkwe likinirukia mkononi. Alikuwa akisema kitu kwa kila pigo. Baadaye nilimuuliza kama alikuwa akiomba. Aliniambia alikuwa akihesabu asipoteze zamu.

Kwanza niliona wanaume wakiacha kupiga moto, mmoja baada ya mwingine. Halafu nikaliona gauni. Alitoka kwenye nyasi pembeni kabisa, upande ambao moto ulikuwa bado haujala, akitembea. Hakukimbia. Aliwapita watu waliokuwa wakimwita kama mtu anayepita katikati ya migomba, akampita baba yake bila kumtazama, akavuka kijito, akaanza kupanda. Filemoni alimfuata nyuma kwa nyuma na koti lake lililolowa, mikono ameitanua kidogo kama anayeswaga kifaranga, asimguse. Nadhani ndipo alipomjua mwanawe.

Ema alifika. Pindo la gauni lilikuwa limeungua upande mmoja, miguu myeusi kwa majivu. Alitandaza viganja, akalaza shavu, akafumba macho. Nikaangusha mchi, nikamwendea. Akayafumbua macho na kukunja uso.

"Nani amekwambia tumemaliza?" alisema mama mkwe, anahema.

Nikaushika tena mchi. Tulitwanga mpaka maharage yakawa unga, na watu wa mgowe walirudi kutoka bondeni wakakaa uani kimya, wenye njaa, wakingoja wanawake wa nyumba wamalize kumtwangia mtoto. Oktavia ndiye aliyewapakulia.

Nimeishi Makambako tangu wakati wa Mwingereza. Filemoni alipona kifua, akafa uzeeni kwa jambo jingine kabisa. Ema ana mvi sasa, na bado hajasema neno. Juzijuzi daktari kijana aliniuliza kama anasikia. Nilimwambia kwamba nimelichunguza jambo hilo maisha yangu yote na kwamba akipata jibu aje kwangu, chai ipo. Malori kando ya kambi alikuwa akiyajua kabla yetu. Alikuwa akiondoka njiani na kusimama ukutani, viganja nyuma, halafu ndipo sisi tunasikia. Fumbo la mtoto yule sikulifumbua, na sijaacha kutaka kulifumbua.

Lakini jioni ile tulikuwa hatujui lolote kati ya hayo. Watu waliondoka. Bondeni kinyungu kilikuwa kimelimwa vizuri, matuta meusi yenye unyevu, na hatukuwa na mbegu ya kutia ndani yake. Filemoni alikaa kwenye kigoda, akakohoa, akashindwa kuanza. Mama yake alikuwa akichota unga wa maharage kutoka kinuni kwa kiganja, akiutia kwenye chungu kwa uangalifu, kana kwamba ni unga wa ngano.

"Huko Makambako mna kinu?" aliuliza.

"Kambini tunapewa unga wa mfuko, mama. Umeshasagwa."

Alikwangua kinu mpaka chini. Niliona jinsi anavyomtazama Ema, aliyelala pale pale chini, na nilitambua kwamba mwanamke huyu angebaki na nguzo yake na nyumba tupu, na kwamba analijua hilo vizuri kuliko mimi.

"Basi mtakichukua hiki. Lori linabeba," alisema. "Mimi sina hata mbegu, nitatwanga nini."

Filemoni alianza kumshukuru, mama yake akamkatiza kwa mkono. Alinigeukia mimi.

"Ila usimtwangie kitupu."