Karatasi Iliyokatwa Ukingo

Miaka tisa Gerbrand Tolsma alifundisha uchumi wa uhandisi hapo Rotterdam kwa kisa kilekile, na kila mwaka wanafunzi walicheka palepale. Kiwanda kimoja kilivunja mkataba wa treni, kikapakia mzigo wake wote kwenye matishari, mashua bapa za mizigo, ya Mto Rhine. Kina cha maji kikapigiwa hesabu kwa wastani wa mwaka. Kiangazi kikabisha hodi, mawe ya mtoni yakaota jua, matishari yakabeba theluthi tu ya mzigo. Kiwanda kikalala wiki sita.

"Wastani wa nguo za mwaka mzima ni sweta moja," Tolsma alisema. "Haya, ivae Januari, kisha ivae Julai. Na nani aliapa maji yatatosha? Nahodha mmoja mkongwe. Usimuulize samaki kina cha maji."

Wakacheka. Akaonyesha ukutani picha ya karatasi ya hesabu yenyewe.

Jorien, mwanafunzi wa miaka thelathini na ushei, aliweka chini mkate wake wa jibini. "Gerbrand, mbona imekatwa ukingo wa kushoto?"

"Mashine ya kunakili hiyo."

"Mashine ina akili kweli. Kwetu tunayo nakala nzima. Baba kaitundika chooni, chini ya kalenda ya siku za kuzaliwa, ile inayokaa kila choo cha hapa. Kila mgeni anaisoma akiwa amekaa. Pembeni pana maneno yake ya penseli: 'Na Agosti je?'"

"Baba yako nani?" Tolsma aliuliza, naye anajua.

"Krijn Boogaard. Huyo samaki wako."

Darasa likaangua kicheko, kisha kikakatika. Masikio ya mwalimu yalikuwa yameiva kama nyanya.

"Sasa mhandisi aliyepiga hesabu ni nani?" akauliza mmoja wa nyuma.

Angeweza kusema kwamba hamjui mtu huyo. Miaka tisa ulimi ulishazoea njia hiyo. Lakini aliiona tena ile penseli: jinsi alivyoicheka, nahodha asiye na cheti kumfundisha yeye kazi; jinsi kiwanda kilipolala akasema nahodha ndiye aliyemhakikishia; na Krijn akanyimwa mzigo mpaka akauza tishari. Ukingo aliukata mwenyewe, kwa mkasi, siku ya kuandaa somo lake la kwanza.

Akachukua chaki, akaandika ubaoni: G. Tolsma.

"Nahodha alinionya," alisema. "Mimi ndiye niliyewadanganya wenye kiwanda, na ninyi kila mwaka." Akamgeukia Jorien. "Nisamehe."

"Mimi hukunikosea. Njoo nyumbani Jumapili, kahawa ipo, na biskuti yako moja kama ilivyo desturi. Ila kabla hujamsalimia baba, pitia kwanza chooni."

Jumapili alikwenda. Akapitia chooni, akafunga mlango, akakaa humo muda mrefu kuliko haja ilivyotaka, huku nje kahawa ikipoa na nahodha akiuliza mgeni kapotelea wapi.