Lupini za Bwana Shamba

Mwaka ule wa vijiji vya ujamaa, sisi wa Mwese tuliletewa kila kitu isipokuwa mtu wa kutuuliza tunataka nini. Bwana shamba Celestin alishuka kwenye lori na gunia la mbegu nyeupe, bapa kama vifungo vya koti, akasema zinaitwa lupini. Nyama ya mkulima, alisema, kitabu chake kimeandika. Kitabu kikimwambia Celestin mvua inanyesha, anafungua mwavuli juani.

Nyama hiyo ilitaka shamba. Likachaguliwa langu, lile la maharage kando ya kijito, ambalo marehemu mume wangu aliling'oa visiki kwa mikono yake na ambalo lilikuwa likilisha watoto wangu watano. Mwenyekiti Ponsian alikuja kuniarifu, hata kigoda alikikataa.

"Mama Melkior, ni la mfano tu. Mgeni wa wilayani akija, akala, akalikubali zao, shamba linakuwa la kijiji. Akilikataa, unarudishiwa."

Na kazi ya kulitunza wakanipa mimi! Mtu anakuibia mbuzi, kisha anakupa kazi ya kumchunga.

Celestin aliamuru samadi, nikamwaga samadi. Akaamuru maji asubuhi na jioni, nikamwagilia mpaka kiuno kikagoma. Lupini zikanawiri majani, kisha mizizi ikaoza, nusu ya shamba ikalala chini. Lakini mbegu zilizomwagika siku ile ya lori, pale kwenye changarawe kando ya njia, ambazo hakuna aliyezipa hata tone, zilisimama wima, zikachanua, zikabeba maganda manene. Nikamwonyesha.

"Hayo ni magugu, mama," alisema, kitabu kwapani.

Maganda yalipokauka nilitafuna punje moja. Chungu! Uchungu ule ule wa mihogo yetu michungu, unaokaba koo. Dawa yake kila mwanamke wa Mwese anaijua: unatia kikapuni, unatumbukiza kijitoni, unaacha maji yapite mpaka uchungu uondoke. Nilimweleza Celestin, na nakiri nilimweleza shingo upande, maana zikiwa tamu shamba langu ndiyo basi tena. Lakini huwezi kumwacha mtu apikie watu sumu.

"Kuloweka mtoni ni mambo ya kizamani," alinijibu. "Hii ni lishe ya kisasa. Nitapika mwenyewe."

Haya. Zile za kwenye changarawe nikazichemsha, nikaziloweka kijitoni, nikawa naonja kila siku. Siku ya saba uchungu ulikuwa umekwisha. Sikumwambia mtu.

Mgeni alifika mchana, kijiji kizima kimekusanywa. Celestin akamwekea sahani iliyojaa, inafuka moshi. Mgeni akashika kijiko. Nikasimama.

"Ndugu mgeni, subiri kidogo. Kwetu mpishi anaonja kwanza, kuondoa uchawi. Nyie huko wilayani hamfanyi hivyo?"

"Tunafanya sana," alisema mgeni, akamkabidhi Celestin kijiko.

Hapo ndipo nilipojua kwamba huyu bwana, miezi yote ya kuzisifu, hakuwahi kutia lupini mdomoni. Alijaza kijiko. Akatafuna mara moja, machozi yakamlengalenga. Ateme vipi, mbele ya kiongozi? Akameza.

"Tamu?" mgeni akauliza.

"Ta... tamu sana, ndugu."

"Basi maliza sahani."

Celestin aliitazama sahani, akakitazama kitabu. Kitabu hakikusema kitu. Akatoka mbio nyuma ya ghala, na sote tukamsikia akitapika. Mgeni akasukuma sahani mbali na kutamka mbele ya umati kwamba zao limekataliwa. Mwenyekiti Ponsian ghafla akakumbuka kwamba shamba lina mwenyewe.

Msimu uliofuata nilipanda maharage kando ya kijito, na lupini pale kwenye changarawe ambapo hakuna aliyepataka. Siku moja Celestin alipita, akawakuta wanangu wanabugia punje zenye chumvi. Akaomba moja. Akaomba ya pili. Kisha akatoa kalamu na kufungua kitabu.

"Mama Melkior, umezifanyaje hizi?"

"Mambo ya kizamani, bwana shamba," nikamwambia. "Yatakuchafulia kitabu."