Kura ya Usingizi wa Kinyozi

Sisi wazee wa kinyozini siku hizi tunatibiwa na simu. Dereva mstaafu aliacha chumvi kwa sababu ya video moja, akairudia kwa sababu ya video nyingine, na zote mbili alitutumia na maneno "sambaza uokoe maisha." Mwalimu Mkuu, naye mstaafu, hanywi maji akiwa amesimama. Ukimuuliza kwa nini, anakwambia imethibitishwa. Nani kathibitisha? Imethibitishwa.

Siku hiyo mimi ndiye niliyekuwa kwenye kiti. Kinyozi alikuwa amemaliza upande wangu wa kulia, wa kushoto bado msitu, simu yake ikalia. Ujumbe wa sauti kutoka kwa binti yake.

"Baba, nimekutumia maswali ya kliniki. Machache tu. Wakishaona majibu ndipo wanaamua kama wakupigie. Jibu mwenyewe, baba yangu. Tafadhali."

Tulijua sababu. Tangu mkewe afariki, Kinyozi halali. Wiki iliyopita alimnyoa Mwalimu Mkuu sharubu zote bila kuombwa. Mwalimu akajitazama kwenye kioo, akameza mate, akasema, "Imetoka vizuri." Ndivyo tunavyomfariji mwenzetu: tunaondoka tumeharibika na tunashukuru. Kiti cha shemeji, pale alipokuwa akipokea hela, bado kiko na mto wake. Wateja wanabanana kwenye benchi kama mihogo kwenye gunia, kile kiti hakikaliwi.

"Miwani yangu sijui nimeiweka wapi," Kinyozi akasema. "Nisomeeni."

Kumpa Mwalimu Mkuu kitu cha kusoma ni kujitafutia balaa. Alisimama, akakohoa, akatukazia macho kama tumechelewa shule.

"Swali la kwanza. Je, unapata usingizi wa kutosha? Mara zote, mara nyingine, au mara chache?"

Kinyozi akafungua mdomo. Dereva akamuwahi.

"Huyu? Juzi nimemkuta hapohapo kwenye kiti cha wateja, kasinzia mdomo wazi, nzi anaingia na kutoka!"

"Ni kwa sababu usiku..."

"Usiku, mchana, usingizi ni usingizi. Bonyeza mara zote."

"Pigeni kura yaishe," nikasema mimi, maana kichwa changu kilikuwa kinapigwa na upepo upande mmoja. Kura ikapita.

"La pili. Je, umepoteza hamu ya mambo uliyokuwa ukiyapenda?"

"Mpira sijatazama tangu..." Kinyozi akaanza.

"Kwa timu ile? Hata mimi sitazami," Dereva akasema. "Hiyo si huzuni, kaka, hiyo ni akili."

Tukacheka mpaka benchi likalia.

"La mwisho. Je, unajisikia mpweke?"

Hili halikuhitaji hata kura. Mpweke, na sisi tumemjazia banda hapa kutwa nzima, wengine hata hatunyoi? Mwalimu akabonyeza hapana. Ikatokea sura ya kijani inayocheka: Hongera, uko vizuri, endelea hivyo hivyo.

"Tumefaulu!" akasema. Kweli, alisema tumefaulu.

Kinyozi akawasha mashine, akarudi nyuma yangu. Nikasikia inanguruma, lakini sikusikia nywele zikikatwa. Nikamtazama kwenye kioo. Mkono ulikuwa umesimama hewani, macho yake yako kwenye ule mto.

Simu ikalia tena.

"Baba, majibu nimeyaona, nami nimeletewa nakala. Hayo si yako. Wewe hujawahi kusema 'mara zote' hata ukisifia chakula cha mama. Ni nani hao wamekujibia?"

Dereva akaanza kukagua kucha zake. Mwalimu Mkuu akaona kitu cha maana sana kwenye dari.

Kinyozi akazima mashine. "Mwalimu, soma upya. Na msinisaidie."

Safari hii Mwalimu alisoma akiwa ameketi, kwa sauti ndogo ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kuisikia.

"Je, unapata usingizi wa kutosha?"

"Sipati. Nikipitiwa tu, nasikia anabisha mlango. Naenda kumfungulia."

Dereva akavuta pumzi aseme jambo. Nikamkanyaga mguu kutoka ndani ya kile kitambaa cha kunyolea. Majibu mengine Kinyozi aliyatoa mwenyewe, polepole, na hakuna aliyecheka.

Sura ya kijani haikutokea. Mwalimu akasoma: "Asante. Mhudumu wetu atakupigia leo. Ukiwa unasubiri, zungumza na mtu unayemwamini." Akainua macho. "Mtu."

"Haijasema yupi?" Dereva akauliza.

"Imesema mtu."

Tukatazamana, wazee wazima, kama tumeambiwa tutafute daktari wa upasuaji. Mwisho Dereva akanyanyuka, akaenda kwenye kile kiti, akauchukua mto kwa mikono miwili, akauweka mapajani, akakaa.

"Haya, kaka. Huyo shemeji anayebisha. Anabishaje?"

Kinyozi akaweka mashine chini, akaanza kusimulia. Kliniki walipopiga, walisubirishwa kidogo.

Mimi nilitoka pale na msitu wangu wa kushoto. Mlangoni Mwalimu Mkuu akanitazama, akasema, "Imetoka..." Akasita. Akanigeuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto.

"Hapana," akasema. "Umeharibika kabisa, ndugu yangu. Rudi kesho."