Mwaka wa Tatu wa Fundi Sindano

Fundi Sindano alikuwa akijigamba kwamba katika mji ule hakuna mgeni aliyetunza karatasi zake vizuri kama yeye. Alizitunza vizuri hata zilipotakiwa alizitafuta juma zima, na nusu yake akazikuta amekwisha kuzikata kwa umbo la kola, ziwe vipimo vya kukatia vitambaa.

Walioajiriwa hawana taabu. Wao hupeleka hati za mshahara na barua ya mwajiri, kisha hungoja kibali cha ukaazi wa kudumu huku wakichokonoa meno. Sindano hakuwa na mwajiri ila yeye mwenyewe, na ofisi haikuitaka barua aliyojiandikia, ingawa humo alijisifu kwa kiasi. Ilimtaka athibitishe kwamba ameshona katika duka lake miaka mitano mfululizo, bila kukaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita. Akishindwa, afunge duka na afungashe virago, yeye na wifi yake, maana kibali cha wifi kiliegemea chake.

"Mfululizo ni mfululizo," alisema wifi, dada wa marehemu mumewe, aliyeishi naye chumba cha nyuma. "Si kama kikohozi chako, kuja na kwenda. Mwaka wa tatu tulikaa nje miezi kumi."

"Nani alituona?"

"Mimi nilikuona wewe."

"Wewe wifi huoni hata tundu la sindano."

Lakini ilikuwa kweli. Mama yake Sindano aliugua, wakaenda wote wawili kumuuguza mpaka wakamzika. Mpakani walipita juu ya magunia ya vitunguu ndani ya lori, kwenda na kurudi, na pasipoti hazikugongwa muhuri. Duka walilifunga kwa kufuli mbili. Hata mkanda wa cherehani Sindano aliuvua akasafiri nao mkobani, asije mtu akaichezea mashine yake.

Basi shauri lake lilikuwa dogo. Angewaendea wateja wa zamani wamwandikie barua za ushahidi, na wakifika mwaka wa tatu, awabembeleze wapindishe ukweli kidogo.

Alianza kwa mwoka mikate. Alimkuta amejaa unga mpaka kwenye nyusi.

"Mwaka wa tatu," Sindano alianza kwa sauti ya asali, "labda hukumbuki vizuri..."

"Nisikumbuke nini? Si ndio ulinishonea aproni sita? Mwezi wa nne."

Mwezi wa nne Sindano alikuwa akimlisha mama yake uji kwa kijiko. Akacheka moyoni: huyu bwana anadanganya vizuri kuliko mimi, na hata sijamwomba.

"Ila ulikuwa umenuna," mwoka mikate aliendelea. "Kila nilipoingia una pini mdomoni. Hukuitikia salamu hata siku moja. Nikamwambia mke wangu, fundi leo kaamkia upande gani."

Akaitungua aproni moja msumarini akampa. Sindano akaligeuza pindo. Uzi ulikuwa umemalizwa kwa mafundo matatu, la katikati likiwa dogo, yamefichwa chini ya mshono kama alivyofundishwa na mama yake. Yeye mwenyewe hakuwahi kumfundisha mtu mwingine jambo hilo. Alilipapasa pindo mpaka mwoka mikate akamuuliza kama kuna kasoro.

"Hakuna," alisema. "Hakuna kasoro kabisa." Hilo ndilo lililomsumbua.

Muuguzi naye alimwandikia barua palepale, kwenye benchi la zahanati. Alikumbuka magauni mawili ya kazini, mwezi wa saba. "Hukunipima na futi," alisema huku akiandika. "Ulinitazama tu, kuanzia miguuni kwenda juu, polepole. Na yakanikaa sawasawa. Yale unayonipima siku hizi yananibana kwapani."

Mwenye nyumba, mzee aliyelala juu ya duka, ndiye aliyemaliza kazi. Aliandika kwa mkono wake kwamba mwaka ule wote alisikia cherehani ikilia chini ya kitanda chake, kila asubuhi, hata siku za mapumziko.

"Bila mkanda," alinong'ona wifi waliporudi, barua zote tatu zikiwa mezani. Mikono aliificha chini ya kanga. "Wifi, zichome hizi."

"Nizichome, zimenikosea nini?"

"Aliyeshona ni nani?"

"Awe nani, awe nani. Ameshona vizuri, tena bila kuniomba chakula kama wewe."

Lakini siku ile, alipokaa kwenye cherehani, kiti kilikuwa na joto. Akasimama. Akamaliza kazi ya mteja kwa mkono, amekaa mlangoni.

Ofisini waliitwa kwa namba. Afisa alikuwa mama wa makamo, amevaa koti la kijivu, na Sindano hakuwahi kumtia machoni. Alizisoma barua moja moja, akazipanga, akachukua kalamu.

"Katika miaka hii mitano umewahi kukaa nje ya nchi zaidi ya miezi sita?"

"Hata siku sita, mama."

"Mwaka wa tatu pia?"

"Mwaka huo ndio sikuinua kichwa kwa kazi."

Afisa aliligusa koti lake kifuani. "Najua. Hili ulinishonea mwezi wa sita."

Sindano akalitazama koti, akatazama mabega yalivyokaa, akaona mlango wa kibali umefunguka wenyewe. "Nilikuwa nasema, huyu mama namjua," alisema akitabasamu. "Nilijua tangu nilipoingia."

"Unakumbuka tulivyozungumza?"

"Kwa nini nisikumbuke? Tulizungumza habari za watoto, na mvua."

"Hapana," alisema afisa kwa upole. "Uliniambia mwenye duka amesafiri, anamuuguza mama yake, na wewe unamshikia tu kazi mpaka arudi. Nikakuuliza ameondoka lini, ukanitajia tarehe. Mimi kwa mazoea ya kazi nikaiandika."

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kikaratasi, akakiweka juu ya barua tatu.

"Sasa nakuuliza tena, mama. Safari hii fikiri kwanza."