Bomba Chini ya Kitanda cha Bibi

Hamdiya, jirani wa ukuta mmoja hapo Mabela, Maskati, anaapa kwamba ni Muhsina mwenyewe aliyelitoboa lile bomba. Anasema kamwona kwa macho yake mawili, kupitia dirisha la jikoni kwake, siku tatu mfululizo: mke wa Badr kachutama katikati ya mabomba na sindano mkononi, anadunga. "Hataki bibi wa watu akae raha," anasema. Na akimwona msikilizaji anasitasita, anaongeza: "Kumlea mzee asiyetembea mchezo? Kachoka yule. Kahesabu kwamba bibi akipata sakafu ya moto atakaa miaka kumi mingine."

Sindano ilikuwepo, hilo kweli. Muhsina hushona kofia, na kofia zake vitobo vyake vidogo hivyo, hata chungu hapiti. Na siku tatu alikaa pale, hilo nalo kweli. Lakini macho yake hayakuwa kwenye kofia.

Bi Bakhita, mama yake Mzee Marhoon, mkwe wa Muhsina, ana sukari ya miaka mingi, na miguu yake imekufa ganzi kuanzia vifundoni. Majira ya baridi ya mwaka juzi walimwekea hita ya umeme karibu na kitanda. Akanyoosha mguu, ukaegemea chuma, yeye anavuta tasbihi zake hana habari. Aliyejua ni Muhsina, na alijua kwa harufu. Hospitali wakakata vidole viwili. Tangu siku ile hita haikuingia tena chumbani mwa bibi, na wanaosema Maskati hakuna baridi, hao hawajakanyaga marumaru alfajiri ya Januari wakiwa na miaka themanini na nne.

Ndipo Mzee Marhoon aliposikia habari za boila la kuni. Nyumba moja ya wageni huko milimani Jabal Akhdhar ilikuwa inafungwa, wanauza vitu. Boila lenyewe ni sanduku la chuma, kubwa kama kabati la nguo, lina mlango wa kutilia kuni na dohani ya kutolea moshi juu. Linakaa nje, mbali na nyumba. Moto unachemsha maji yaliyolizunguka tumbo lake, pampu inayasukuma maji yale kwa bomba la kwanza mpaka ndani, yanazunguka chini ya sakafu yote, kisha yanarudi kwa bomba la pili yakiwa yamepoa. Chumbani hamna moto wala waya, hamna kitu cha kumwunguza mtu. Siku lilipoteremshwa kwenye hoshi, pale uani, mtaa mzima ulicheka. "Watu wanatafuta pa kulikimbia joto, Marhoon kalileta kwa lori!" Bi Bakhita mwenyewe alicheka kuliko wote. "Miaka hamsini nnatafuta kivuli nchi hii," alisema, "leo nnawekewa jua chini ya kitanda."

Kazi akapewa Badr, mtoto wa mwisho wa Marhoon, mume wa Muhsina. Badr alisomea mabomba, akafanya kazi kampuni moja miaka miwili, kampuni ikapunguza watu. Mwaka na nusu yuko nyumbani. Na safari hii haikuwa sakafu ya bibi peke yake. Ami yake, Humam, alikuwa anajenga vyumba kumi na viwili vya wageni huko juu mlimani, vyote sakafu za moto, na yeye si mtu wa kupeana kazi kwa undugu. "Alkhamisi nitakuja kuona," alimwambia Badr, mbele ya watu. "Nikiona kazi safi, vyumba vyote vyako. Lakini nisikize vizuri. Bomba la chini ya zege huwa moja, mwanzo mpaka mwisho. Fundi anayeunga bomba chini ya sakafu, mie simpi hata bomba la kutawadhia."

Badr akalitandaza bomba chumbani, akalizungusha na kulirudisha, kama ukili unavyoshonwa mkeka. Alipomaliza akalijaza hewa kwa mashine, akafunga kila mahali, akaweka kipimo ukutani. "Hewa ikikaa, maji yatakaa," alisema. "Mshale usiposhuka mpaka Alkhamisi, tunamwaga zege."

Ilikuwa Jumatatu baada ya sala ya alfajiri. Mshale ulisimama kwenye sita.

Adhuhuri Muhsina alipopita kuchukua nguo za bibi, mshale ulikuwa umepita sita kidogo. Badr alifurahi. "Unaona? Hata kupungua haijui." Muhsina akatazama dirisha. Dirisha la chumba kile linaelekea mashariki, pazia halijawekwa bado, na jua tangu asubuhi lilikuwa limelala juu ya mabomba meusi. Akaligusa bomba kwa kiganja. Lilikuwa la moto kama birika la chai.

 Alfajiri ya siku ya pili akaja na kofia yake, akakaa. Mshale ulikuwa chini ya sita, unywele tu.

"Baridi hiyo," Badr alisema. "Hewa ikipoa inasinyaa, jua likitoka inapanda. Mambo ya kawaida."

Na kweli jua lilipotoka ukapanda. Lakini Muhsina alikuwa keshachukua kijiti cha wanja, akaweka nukta ndogo juu ya kioo, pale ulipokuwa alfajiri. Aliwaza hivi: mchana usifananishwe na usiku. Alfajiri ifananishwe na alfajiri. Siku ya tatu, Jumatano, kulipambazuka na mawingu na joto, bibi hata blanketi la pili hakulitaka. Kama ni baridi iliyoushusha jana, basi leo mshale ungekuwa juu ya nukta. Ulikuwa chini yake. Si unywele tena, unene wa ukucha.

Alimwambia Badr akiwa anakunywa chai.

"Tangu lini unajua mabomba?" Badr alicheka, lakini kikombe alikiweka chini. "Rudi kwenye kofia zako, binti. Kesho watu wanakuja."

Akarudi kweli kwenye kofia. Alishona mpaka Badr alipotoka kwenda Sib kufuata saruji. Hapo akaingia jikoni, akapiga povu la sabuni kwenye bakuli, lile lile analopimia mtungi wa gesi kama unavuja, akachukua na sifongo. Alianza ukutani, kwenye vishikizo vyote vya shaba. Hapakuwa na kitu. Kisha akapiga magoti, akafuata bomba mkunjo baada ya mkunjo, anapaka, anangoja, anapaka. Mgongo ulimuuma. Hamdiya alikohoa dirishani kwake. Muhsina hakuinua uso.

Alipofika katikati, pale pale kitakapowekwa kitanda cha Bi Bakhita, aliona kipande cha tepu ya rangi ya fedha kimezungushiwa bomba. Mahali pengine pote hapakuwa na tepu. Akaifunua taratibu. Ndani mlikuwa na kiungo cha shaba, kipya, kinang'aa. Akapaka povu. Likakaa kimya kidogo, kisha likavimba kidude kama jicho la samaki, kikapasuka. Kikavimba kingine.

Akairudisha tepu kama ilivyokuwa. Kuvuja hakukumshitua sana, alikuwa keshajua kwamba panavuja mahali. Kilichomkata maini ni ile tepu. Haikuwekwa kuzuia hewa. Iliwekwa ili mtu asione.

Hakupata kusema naye siku ile. Badr alirudi na watu, wakapakua mifuko mpaka magharibi. Akampata Alkhamisi asubuhi, uani, anapanga kuni za mti wa simri mbele ya boila ili ami yake akija aone kila kitu kimejipanga.

"Badr."

"Sema haraka, wako njiani."

"Pale pa kitanda pana kiungo."

Kipande cha kuni kilimponyoka. Alitazama dirisha la jikoni, akatazama la jirani. "Nani mwengine kajua?"

Ndilo la kwanza alilouliza. Muhsina alilisikia lote.

"Mimi tu."

"Roli la bomba lilikuwa fupi. Mita mbili, Muhsina! Mita mbili tu. Dukani limekwisha, mpaka liagizwe, wiki tatu. Ningefanyaje?"

"Ungesema."

"Ningesema! Weye unamjua ami Humam?"

"Povu linavimba, Badr. Linapumua."

"Hewa hiyo, ni nyepesi. Zege likikauka juu yake litalibana."

"Na maji ya moto yatabanwa? Yakipanda yakajaa chini ya kitanda, bibi asubuhi atashusha miguu. Nani atamwambia pana moto? Miguu yake?"

Badr alijifuta mikono kwenye wizari aliyojifunga kiunoni, ingawa mikono haikuwa na kitu. "Mwaka na nusu nimekaa ndani kama mwari. Baba hata haniulizi tena nnakwenda wapi. Leo usinifedheheshe. Nakuomba, mke wangu."

"Sitasema mimi," Muhsina alijibu. "Sema wewe. Lakini useme kabla hawajafika pale pa kitanda."

Honi ikalia nje. Humam hakunywa hata kahawa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizochongwa vizuri, na aliingia moja kwa moja chumbani, akainama kwenye kipimo. Ilikuwa saa nne na nusu, jua limelala juu ya mabomba lote.

"Sita na zaidi!" alisema. "Tangu lini?"

"Jumatatu, ami."

"Mashaallah." Mzee Marhoon alitabasamu, akampiga mwanawe bega. Hajampiga bega namna ile tangu kampuni imwachishe. Muhsina aliona Badr anavyonyooka mgongo, na hapo akajua hatasema.

Vibarua wawili wakaanza. Mashine ya kuchanganya zege inanguruma uani, toroli linaingia, linamwagwa chini ya dirisha, mmoja anasawazisha kwa ubao. Toroli la pili. La tatu. Zege lilikuwa linatambaa kuja katikati, mabomba yanazama moja moja. Bi Bakhita alisukumwa mpaka mlangoni kwa kiti chake cha magurudumu, miguu kafungwa shali, anatazama kama mtu aliyepelekwa harusini.

"Kitanda kitakaa wapi?" aliuliza.

"Pale, mama," Marhoon alionesha kwa bakora.

"Kisogezeni kidogo. Nnataka niione televisheni."

Wakacheka wote. Badr naye alicheka, kwa sauti ya juu kuliko wenzake. Muhsina alimtazama. Badr akageuza uso. Toroli la sita likaingia. Palibaki mikunjo mitatu ya bomba kabla ya tepu.

Muhsina akavua viatu. Akachukua kofia yake na sindano, akapita mbele ya wanaume, akikanyaga katikati ya mabomba, mguu mmoja baada ya mwengine, mpaka pale. Akajikunyata akakaa. Baibui ikaifunika tepu. Akaanza kushona.

Kibarua alisimamisha toroli.

"Mwanangu," Mzee Marhoon alisema kwa upole, akiona haya mbele ya nduguye, "hapo si mahala pa kukaa."

"Nnashona, baba. Mwanga mzuri hapa."

"Mwanga! Si kuna majilisi nzima ya kukaa?"

"Nitaondoka, baba. Bado kidogo tu."

"Shetani gani huyu?" Marhoon alinong'ona. Akamgeukia mwanawe. "Kasibiwa na nini mkeo?"

Badr alikuwa nyuma ya kiti cha bibi, kaishika mipini yake miwili.  Muhsina hakumtazama. Angeinua macho mara moja tu, Humam angeyafuata, na mambo yangekuwa yamesemwa na yeye. Alidunga sindano, akavuta uzi, akadunga. Kitobo kikatoka kibaya.

"Mwacheni," alisema Bi Bakhita. "Msichana huyu hajapata kukaa mahala bure."

Hapo ndipo Humam alipoacha kutazama kipimo. Alimtazama Muhsina, akatazama dirisha na jua, akashika bomba moja ambalo bado halijafunikwa, akaliacha upesi. Alikiinamia kipimo tena, safari hii karibu sana, mpaka pua ikagusa kioo, akaiona ile nukta ya wanja. Aliiangalia muda mrefu.

Alipogeuka, uso haukuwa na hasira wala furaha. Alimwashiria kibarua ashushe mikono ya toroli. Uani mashine ilikuwa bado inazunguka.

"Badr," alisema, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto mezani. "Njoo, baba. Njoo unioneshe mwenyewe mkeo kakalia nini."

Bi Bakhita aligeuza shingo kumtafuta mjukuu wake nyuma ya kiti. Marhoon aliishika bakora kwa mikono miwili. Muhsina aliusikia mpini wa kiti ukilia chini ya kiganja cha mumewe, akaendelea kuinamia kofia.

"Njoo, baba," Humam alisema tena, mkono kaunyoosha.

Badr hakuiachia mipini ya kiti.