Wa Pili

Mshonaji alipofikishwa wodi ya wazazi, uchungu ulikuwa umeshamkaba. Mama mkwe wake alikuwa amemshika kiuno.

"Huyu ni wa ngapi?" muuguzi aliuliza huku akivaa glavu.

"Wa kwanza," mama mkwe akawahi kujibu.

Mshonaji alifumbua mdomo, akaufumba. Mwaka juzi alizaa mtoto wa kiume ambaye hakulia, kisha yeye mwenyewe akavuja damu nusura afe. Mama mkwe alimfunga mtoto yule kwenye shuka, akaondoka naye. Aliporudi alisema, "Asiyelia hahesabiwi, mwanangu. Ukimtaja, utamwitia mwenziwe amfuate." Basi hakutajwa tena. Mume, seremala asiye na maneno mengi, naye akanyamaza.

"Mimba ya kwanza haina haraka," muuguzi alisema. "Tembeatembea hapo koridoni, mama. Bado sana."

Mtoto hakungoja. Alishuka palepale koridoni, kati ya benchi na mlango wa stoo, bibi yake akamdaka kwa mikono mitupu. Alikuwa wa kike, na alilia. Nyuma yake ikaja damu, isikatike. Daktari aliuliza kama iliwahi kutokea hivyo.

Mama mkwe alitazama sakafu. "Iliwahi," alisema. "Huyu ni wa pili."

Ili kuokoa roho ya Mshonaji, ikabidi kizazi kitolewe.

Siku aliyorudi nyumbani, majirani walijaa sebuleni. "Hongera kwa kifungua mimba," mmoja alisema. "Sasa tunamsubiri mdogo wake."

"Huyu ndiye mdogo," Mshonaji alijibu. "Kaka yake alitangulia. Wa tatu hayupo."

Wageni waliaga mmoja mmoja. Mama mkwe alibaki akikunja nepi ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Mama, mlimzika wapi?"

"Nyuma ya karakana," mama mkwe alisema. "Mumeo ndiye aliyechimba."

Kila mchana Mshonaji alikuwa akimpelekea mumewe chakula pale, na kumsubiri amalize kula akiwa amekalia rundo la mbao kwenye ukuta wa nyuma.

Alimkabidhi mama mkwe mtoto, akajifunga kitambaa kichwani, akatoka. Alitembea polepole kwa sababu ya mshono. Mumewe alipomwona mlangoni, alizima msumeno.

"Nionyeshe," Mshonaji alimwambia.

Seremala alikwenda nyuma, akaanza kuondoa zile mbao, ubao mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama usoni.