Mgomba wa Prodige

Walipojenga lile bwawa la umeme hawakukata miti ya bondeni. Walifungia maji wakaenda zao, na visiki vimesimama huko chini hadi leo. Mdogo wangu Prodige aliufuata wavu wake ulionasa humo. Mtumbwi ulionekana, yeye hapana.

Kazi yangu ni kupiga mbizi na mtungi wa hewa, kukagua mabomba ya gesi ziwani Kivu. Basi ukoo mzima ukanigeukia, utadhani mtungi unafanya miujiza. Kila asubuhi nilitoka Goma kwa pikipiki, nikazama, nikapapasa kisiki baada ya kisiki, maana kwenye matope yale taa ni bure. Huzuni sikuwa nayo. Nilikufa ganzi, kama mguu uliolaliwa.

Kwa ukoo wetu, aliyepotea majini asipopatikana huzikwa mgomba mahali pake. Baba mdogo Luc alishachoka kungoja.

"Kesho midi, saa sita, tunazika," aliniambia. "Ukimupata nyuma ya maziko, umuache mule mule mu maji. Mutu moja hana makaburi mbili."

Mama alisema tu, "Julien, uniletee mutoto yangu."

Kesho yake nilimpata. Alikuwa kati ya visiki viwili, wavu umemzunguka kiunoni. Nilimtambua kwa kumpapasa masikio, makubwa kama ya baba. Nikakata wavu uzi kwa uzi, nikiwaza kwamba kisu kimekuwa butu. Sikuwaza kingine.

Tulipofika nyumbani Kibati na gari la kukodi, midi ilikuwa imepita na udongo umeshashindiliwa. Baba mdogo alisimama mlangoni mwa ua.

"Prodige tulisha kumuzika. Mumurudishe mu maji kwenye mulimutosha."

Nami, Mungu anisamehe, nilimwambia dereva ageuze gari. Hasira hata chembe sikuipata.

Mama akatoka. Alifunua shuka, akatazama kwa muda.

"Luc, ule ulizika ni mugomba. Mutoto yangu ni huyu."

Akachukua jembe mwenyewe, akaanza kuchimba pembeni ya kaburi lile jipya. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Baada ya majembe machache akainua kichwa, akaniona nimemshusha ndugu yangu garini, bado nimesimama naye kivulini.

"Julien, umuweke kwanza kwenye jua," akasema. "Amelala mu maji siku zote hizi. Ana baridi."

Nikamlaza juani. Nikakaa karibu naye, na hapo nikaanza kutetemeka.